"Kwani nilikushika mkono?" Hilo ndo jibu nililopewa leo na yule mnayemjua

Wakuu naandika huu uzi hata buti za kazini sijavua. Mods naomba msiuunganishe na ule wa mikeka, hapa siongelei mkeka, naongelea dharau.

"Kwani nilikushika mkono?"

Hayo ndo maneno niliyoandikiwa saa kumi na moja alfajiri ya huku Ohio, na mtu ambaye simtaji, hana haja ya kutajwa, mnamjua wote, ndo yule yule wa Paris, wa picha ya koti refu mbele ya mnara, bingwa wa kila kitu, mtu ambaye mpira wa tenisi ukidunda Melbourne yeye kitandani kwake anakutajia umedunda kwa upepo wa kutoka wapi.

Iko hivi. Wiki hii ni mchujo wa Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, wanaume 128 wanagombea nafasi 16, raundi 3, ukifungwa unabeba begi lako. Majina yao wengi hata kuyatamka hatuwezi, wanacheza viwanja vya pembeni, kamera moja imesimama juu kama ya getini, mashabiki wa kuhesabu. Wenye mitaji mizito wanasubiri majina makubwa wiki ijayo, ndo maana sisi wadogo tunajibana huku kwenye mchujo.

Kwa wasiolijua lile soko la utabiri: hisa moja ya NDIYO (yaani ndiyo, huyu mchezaji atashinda) ikitiki unalipwa dola 1, isipotiki sifuri. Bei inapanda na kushuka kati ya senti 1 na 99 kwa kadiri watu wanavyoamini. Na siyo kampuni inayokuuzia, anakuuzia mtu mwingine kama wewe mwenye simu kama yako. Shikeni hapo hapo. Anakuuzia MTU.

Mchezaji wetu anaongoza 6-3, 4-1, yaani seti ya kwanza kashaibeba na ya pili inaelekea kwake. Niko chumba cha mapumziko ghala letu lile, wenzangu wanapasha vyakula, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Nina hisa 100 tu za senti 58, roho kwatu. Wanabadilishana upande, jamaa kakaa kwenye benchi kajifunika taulo kichwani, na mimi nikajua kawaida, wote si hujifunika taulo. Mara kwenye grupu letu la Telegram ikaingia meseji kutoka kwa mtu aliyekaa PALE PALE UWANJANI, asubuhi hiyo hiyo katutumia picha ya tiketi na ya kahawa na ya viatu vyake kwenye lile vumbi jekundu:

"Imeisha hiyo. Nunueni zote zilizobaki."

Nikanunua 600 kwa senti 93. Dola 558. Hiyo ilikuwa hela ya bati za mama, Muheza, fundi kashapiga kenchi, ziko juu zinapigwa jua zinasubiri bati, mama amelala kwa jirani wiki ya pili. Nikasema naongeza dola 42 kabla zamu haijaisha halafu asubuhi natuma zote kwa mpigo.

Picha ya kwenye simu yangu iko nyuma ya uwanja kama nusu dakika. Ilipofika taulo limeshashuka. Mtu wa viungo kapiga magoti anabonyeza paja la mchezaji, mchezaji anatikisa kichwa hapana hapana. Bei 93. Bei 71. Bei 40. Nabonyeza kuuza, nabonyeza kuuza, hakuna mnunuzi, kidole mpaka kinateleza. Jamaa akainuka, akampa mwamuzi mkono, akafunga begi. Bei 2. Kwenye ubao wakaandika "Ret.", yaani kajitoa, na sheria za lile soko zinajulikana, mechi ikishaanza anayesonga mbele ndo mshindi, hela hairudi.

Hapo sikuwa na hasira na mtu. Paja ni paja, linaweza kumvutika yeyote. Nikaenda kuangalia orodha ya mauzo. Dakika ile ile ya "nunueni zote" kuna akaunti imemwaga hisa 4,000 za NDIYO kwa senti 93. Akaunti yenyewe ni ile ile aliyokuwa akituringia kwenye screenshot, yenye picha ya simba kavaa miwani. Yaani mtu wa viungo anaingia uwanjani na mfuko wake, ndugu yetu anamuona kwa macho yake mawili, anatuambia tununue, na anayetuuzia NI YEYE.

Nikamwandikia kwa adabu zote, inbox, siyo mbele za watu: "Kaka samahani, ulikuwa unauza wakati unatuambia tununue?"

"Kwani nilikushika mkono?" Na kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Nilikushika mkono! Mtu alipofiwa na baba yake grupu zima tulichanga, mimi mwenyewe ndo nilikuwa nashika daftari la michango. Mtu alipokuja Columbus kalala kwangu siku nne, kala ubwabwa wa nazi wa mke wangu mpaka sufuria likajiona halina kazi, anaiita familia yangu familia yake. Angeniambia "kaka nimekosea" wallahi ningenyamaza, hela inatafutwa. Angekaa kimya kabisa pia ningemeza. Lakini kukaa chini, ukafungua simu, ukatafuta maneno yote ya Kiswahili, ukachagua hayo, kwani nilikushika mkono, halafu ukaenda kutafuta na kikatuni cha kuweka pembeni yake!

Aje hapa aseme mbele ya watu. Nasubiri. Silali.

Mpiga Debe Mstaafu: Mkuu pole ila swali lake bado halijajibiwa. Alikushika mkono au hakukushika?

Binti Chuda: Niko na mleta uzi kwa asilimia zote. Mimi mwezi wa tatu kwenye mchujo wa Miami kanifanyia hivi hivi, nilipomuuliza akaniambia "dada, soko halina undugu". Soko halina undugu halafu jioni ananiomba resipi ya futari. Nilimblock siku hiyo hiyo na roho yangu ikapona.

Hesabu Kali: Achana na huyo jamaa, tatizo ni kununua kwa 93. Ukishinda unapata senti 7, ukikosa unapoteza 93. Shinda mara 13 mfululizo una senti 91. Kosa mara moja tu, umeshadaiwa senti 2. Na hii ni tenisi ya mchujo, watu wametoka kucheza vimashindano vidogo wiki nzima, miili imechoka, kujitoa katikati ya mechi ni kitu cha kila siku. Hata angekuwa mtume kakwambia ununue, 93 hainunuliwi.

Mleta Uzi: Hesabu Kali hesabu zako nimezisoma na ni za kweli, ila hesabu haikuniambia "kwani nilikushika mkono". Binadamu ndo kaniambia. Tusihamishe mada.

Wakili wa Buguruni: Alichofanya kina jina, wenyewe wanaita kotisaidi, unakaa pembeni ya korti unawahi kubeti kabla picha haijawafikia watu. Australian Open ya 2014 Melbourne polisi walimkamata kijana wa Kiingereza ana kifaa kakificha kwenye bukta anabonyeza kila pointi inapoisha. Kesi baadaye ikafutwa. Kwa hiyo kortini sidhani kama utamfikisha mbali, ila walinzi wa uwanja wakimuona wanamtoa nje na tiketi yake.

Jogoo la Shamba: Aripotiwe ITIA si ndo wanaohusika na uadilifu wa tenisi.

Wakili wa Buguruni: ITIA wanashughulika na wachezaji, makocha, waamuzi, watu wa ndani ya mchezo. Huyu ni mtazamaji aliyebeba kahawa.

Mzee wa Kumbukumbu: Vijana mnadhani haya yameanza leo. 2007 kule Sopot Poland, Davydenko alikuwa namba 4 duniani, anacheza na Vassallo Argüello wa Argentina ambaye hata hakuwa kwenye 80 bora. Davydenko kachukua seti ya kwanza, lakini kwenye Betfair, lile soko la kubeti la mtandaoni, hela ndo zinazidi kumiminika kwa Muargentina. Seti ya tatu Davydenko akajitoa kwa mguu. Betfair wakafuta bets zote, kila mtu akarudishiwa chake. Uchunguzi ukaenda mpaka 2008, hakukutwa na hatia. Mleta uzi ungekuwa Sopot leo ungekuwa umelala.

Mpiga Debe Mstaafu: Hata kwenye mikeka yetu ya jero kuna kampuni mchezaji akijitoa wanakurudishia chako. Nyie wa Marekani mmejifanya mnanunua hisa, haya pokeeni hisa.

Otis wa Umoja: Sasa wasee, sisi Kenya tuko na Angella Okutoyi, 2022 alishinda Wimbledon doubles ya wasichana, binti wetu kabisa, na hakuna mtu alikuwa anamwekea hata shilingi. Nyinyi mnaweka pesa ya mabati ya mama kwa jamaa hata jina lake hamuwezi tamka. Supportini wenu kwanza.

Jogoo la Shamba: Otis uzi ni wa mtu kushikwa mkono, Kenya imeingiaje.

Otis wa Umoja: Imeingia kwa mlango, uliacha wazi.

Mama Watatu: Mimi wala sijaelewa tenisi. Ninachouliza, mke wa mleta uzi anajua? Maana wangu mimi alichukua ada ya mtoto akaenda kuweka kwenye biashara ya sungura, mpaka leo sungura siwajui sura, na nilipouliza nikajibiwa "wewe ulikuwa huna imani tangu mwanzo". Hayo ndo maneno ya kumuuma mtu, siyo ya mkono.

Binti Chuda: Sungura tena!! Mama Watatu kumbe tuko wengi. Shemeji yangu alituuzia mayai ya kware.

Mleta Uzi: Mke wangu anajua, nimemwambia kabla sijaandika hapa. Kasema yule mtu asikanyage tena mlangoni kwetu. Na lile shuka alilolalia kalitoa. Narudia, mtu alilala kwangu siku NNE, halafu kwani nilikushika mkono.

Fundi Saleko: Samahani wakuu, kenchi zimekaa wazi wiki ya pili msimu huu wa mvua? Mbao gani hizo? Zikinyeshewa hivyo zinapinda, ukija kuweka bati zinakataa kukaa, zinaacha mdomo. Mfunike kwanza na turubai.

Mama Watatu: Fundi umesema. Halafu hao mafundi wanaopiga kenchi kabla bati hazijafika ndo wanaotuua, wangu alichukua hela ya misumari ya bati akaja na misumari ya kawaida, mvua ya kwanza tu ndoo saba sebuleni.

Jogoo la Shamba: Wangu alichukua hela ya saruji akaenda kuolea. Kanialika na harusini.

Fundi Saleko: Msituweke kapu moja jamani. Mleta uzi, ulipanga geji ngapi? Usikubali 32, hiyo ni karatasi. Angalau 30, na kama mfuko unaruhusu weka 28, hasa kwa upepo wa bahari.

Mzee wa Kumbukumbu: Upepo gani wa bahari Muheza fundi, umewahi kufika Muheza?

Fundi Saleko: Nimepaua nyumba mbili Mkanyageni mzee, upepo ninaujua.

Mleta Uzi: Fundi nilipanga 30. Vyumba vitatu na sebule na kibaraza. Mama amepiga simu sasa hivi, kule ni mchana, anasema wingu limefunga. Hilo turubai linapatikana Muheza mjini au mpaka Tanga?

Fundi Saleko: Muheza mjini yapo. Njoo PM na vipimo vya nyumba, kuna kijana wangu yuko Mkanyageni leo, anaweza kufika kabla ya magharibi.