Tupeane uzoefu: umbo la tela la boksi na ulaji wa mafuta, njia ya Tanga–Segera–Chalinze

Mkodisha Mahema (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Niko Tanga mjini, nakodisha mahema, viti na vyombo vya shughuli. Navuta tela la boksi la ekseli moja kwa Prado ya dizeli. Gari likiwa peke yake linanipa kilomita 10 kwa lita. Nikifunga tela naporomoka hadi 6 na nusu, na mzigo wenyewe ni mahema na viti vya plastiki, haufiki kilo 500. Nililaumu injini miezi mingi. Nozeli zimepimwa, chujio la hewa jipya, hali ile ile.

Walionifumbua macho ni wadudu. Nilitoka Dar usiku, asubuhi nikawa naosha tela uani. Ukuta wa mbele wa boksi ulikuwa umegawanyika kama mtu amepiga mstari kwa rula. Chini, sehemu inayojificha nyuma ya gari, bati safi. Kuanzia usawa wa paa la Prado kwenda juu, mkanda wa kama sentimeta 70, kumbikumbi na nondo wamebandikana mpaka rangi haionekani. Nikachukua futi. Upana mita 1.8 mara hizo sentimeta 70, ni zaidi ya mita moja ya mraba ya bati bapa inayosukuma hewa kutoka Tanga mpaka Dar. Uzito sikuuwazia tena.

Naomba mwenye tela aeleze: gari gani, umbo gani, mwendo gani, mafuta kiasi gani. Nataka kulirudisha kwa fundi ila sitaki kukata bati kwa kubahatisha.

Wa Muheza

Mkuu, mimi nina Hilux na wadudu wangu wanaanzia chini zaidi, karibu nusu ya ukuta. Nadhani ni kwa sababu ya bodi la wazi nyuma ya kebini: upepo ukishapita paa unapata nafasi ya kushuka kabla haujafika kwenye tela.

Nilimwomba fundi anitengenezee pua kali kama omo ya jahazi, na nilitarajia makubwa. Niliongeza chini ya nusu kilomita tu kwa kila lita. Sijutii, maana pua imeniongezea nafasi ya kuweka kamba na turubai, lakini atakayekwambia pua peke yake inarudisha hela zako, muulize alipimaje.

Fundi Bodi wa Ngamiani

Nimechomelea maboksi haya miaka mingi, niseme ninayoyaona. Pua inagawa upepo kulia na kushoto tu. Ukiiacha juu imekatwa wima, upepo unaopanda bado unakutana na ukingo mkali wa paa, unaruka na kuchafuka badala ya kulala juu ya bati. Wateja wanaipenda kwa sababu inaonekana kali. Mimi naanza na ule ukingo wa juu: nauviringa kwa bati lililokunjwa kwenye bomba nene, kisha kona mbili za wima za mbele. Hata mviringo wa upana wa kiganja ni bora kuliko kona ya pembe mraba.

Nyuma nako kunavuta, watu hawakufikirii. Boksi likikatwa wima nyuma, hewa haiwahi kujaza nafasi linayoiacha, inabaki kama shimo linalolivuta tela kurudi nyuma. Ushahidi wake: pita barabara ya vumbi ya kwenda Amani, halafu tazama mlango wa nyuma. Mbele pana vumbi jepesi, mlangoni unaandika jina kwa kidole. Vumbi lile limenyonywa.

Na kabla ya yote, punguza kimo. Mteja anaomba boksi la kusimama wima ndani, ukimuuliza anabeba nini, anabeba magodoro mara moja kwa mwezi.

Mama Samaki wa Deep Sea

Mimi wangu ni mkasa mwingine. Nabeba samaki na barafu kwenye boksi dogo, fupi kuliko gari, kutoka hapa Deep Sea mpaka Korogwe, wakati mwingine Lushoto. Mpaka Mombo sisikii kama kuna tela nyuma. Nikianza kupanda Lushoto, zile kona zote mwendo hauzidi 40, hapo umbo halinisaidii kitu. Kinachokula mafuta ni kilo za barafu. Kwa hiyo mnaopanda milima msitumie hela nyingi kwenye pua, punguzeni chuma. Boksi langu la kwanza lilikuwa la bati nene lenye fremu ya bomba la inchi mbili. La sasa ni alumini, na kwenye mlima nahisi tofauti.

Dereva wa Usiku

Mama Samaki yuko sahihi. Tambarare na mwendo mkubwa, upepo ndio mwenye nguvu. Ukitoka 80 kwenda 100, msukumo wa upepo unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na nguvu inayotakiwa kwa injini kuushinda inakaribia kuwa maradufu.

Lakini mimi nimekuja kusema habari ya kuyumba, maana mafuta yanalipika. Mkata, saa nne usiku, basi lilinipita kwa kasi. Boksi refu ubavuni ni tanga kamili. Upepo wa basi ulilisukuma, kisha likavutwa kuelekea basi, kisha likaanza kupiga mkia, kila pigo kubwa kuliko lililotangulia. Sikukanyaga breki wala sikupigana na usukani, niliachia mafuta tu mpaka likatulia. Nilipofungua mlango niliona kosa: magunia yote ya mchele yalikuwa nyuma ya ekseli, kwa sababu vijana walipakia ya kushuka kwanza mlangoni.

Tangu siku hiyo kila safari napima uzito unaoegemea kwenye shingo ya tela, pale linapofungwa kwenye gari. Unaweka mizani ya kupimia watu chini yake. Tela la kilo 900 na mzigo wake lilalie shingo kwa kilo 90 mpaka 135. Wenye pua muwe waangalifu upande wa pili: rafiki yangu aliweka jenereta ndani ya pua, gari likainama nyuma, taa zikawa zinamulika matawi ya miembe.

Mwalimu Pangani

Mkodisha Mahema, ulipima mwezi gani? Nauliza kwa sababu ya upepo wa kusi. Juni na Julai ukishuka Segera kwenda Chalinze unakwenda kukutana nao uso kwa uso, ukirudi unakusukuma. Pima kwenda na kurudi, jaza tangi mpaka shingoni kwenye pampu ile ile, ndipo ugawanye. Na upepo wa tairi za tela uangalie zikiwa baridi.

Wa Muheza

Habari ya kusi ni kweli kabisa.

Mkodisha Mahema (mwanzisha mada)

Nimerudi na majibu, wakuu. Mwalimu, nilipima Julai, na ni kwenda tu. Nimerudia kwa namna ulivyosema.

Kwanza sikugusa bati. Nilishika 80 safari nzima, kwenda na kurudi: 7.4. Kisha Fundi alikata sentimeta 30 juu na kuviringa ukingo wa mbele. Pua sikuweka. Mwendo ule ule, mzigo ule ule: 8.2. Mahema marefu sasa yanalala chini, viti juu yake, na magunia ya vigingi nimeyasogeza yakakaa mbele kidogo ya ekseli. Mizani chini ya shingo inasoma kilo 98.

Jana nimeosha tela. Wadudu wapo bado, mkanda umebaki mwembamba, na kwenye ule mviringo hawakubandikana kabisa, wameteleza na kuacha michirizi inayopanda kuelekea paani.