Puli za ngazi, variata, inveta au sahani ya msuguano: nichukue ipi kwa mashine ya kukereza mbao?

MwanaMninga (Mafinga)
Habari za kazi wakuu. Nina mashine ya kukereza mbao niliyoiunda mwenyewe kwa vyuma vya chaneli. Inazunguka vizuri ila ina mwendo mmoja tu, na huo mwendo umeanza kuninyima kazi. Miguu ya vitanda inatoka safi. Juzi mteja kaleta gogo la mninga, anataka bakuli kubwa la matunda. Nikafunga, nikawasha, mashine nzima ikaanza kutembea sakafuni. Nikazima, na bakuli la watu sijaligusa mpaka leo.

Jumamosi ndugu yangu anashuka Dar, nataka kumpa pesa anipitie madukani, eneo la Gerezani. Nimebaki na njia nne: puli za ngazi, yaani puli zenye vipenyo tofauti unazohamishia mkanda, variata, yaani ile puli ambayo mashavu yake yanabana na kuachia mkanda, inveta ya kubadilisha mwendo wa mota, na sahani ya msuguano, yaani sahani ya chuma inazungushwa na mota, gurudumu la raba linaigusa usoni, ukilisogeza kati au pembeni mwendo unabadilika. Moyo wangu uko kwenye hiyo ya mwisho. Sahani ninayo tayari, na sihitaji kuzima mashine ili nibadilishe mwendo. Nishaurini.

Beringi6205
Mkuu, umeeleza vizuri ila yale yanayotakiwa yote umeyaacha. Mota ya nguvu za farasi (hp) ngapi? Umeme wa njia moja au njia tatu (fezi)? Kibao cha mota kinasema raundi ngapi kwa dakika? Bakuli lina kipenyo gani? Na hiyo sahani imekerezwa uso ukanyooka, au ni bati nene lililokatwa kwa gesi? Jibu hayo kwanza, la sivyo tutakupigia ramli.

PuliKubwa (Keko)
Mimi simsubiri ajibu. Puli za ngazi. Chukulia mota ya raundi 1,440 kama zilivyo nyingi. Inchi 2.5 kwenye mota na 7.5 kwenye shafti unapata 480. Inchi 5 kwa 5 unabaki na 1,440. Inchi 6.5 kwa 3.5 unakaribia 2,670. Angalia kila jozi jumla yake ni inchi 10, kwa hiyo mkanda mmoja unatosha ngazi zote. Kuhamisha mkanda ni nusu dakika. Nina mashine tatu za hivyo na hakuna iliyowahi kunilaza na kazi ya mteja. Mtu anayekereza miguu ya vitanda asubuhi na bakuli jioni anabadilisha mwendo mara mbili kwa siku, hiyo variata ni ya nini?

MamaVigoda (Nakuru)
Ya nini? Niulize mimi ninayeitumia. Nilinunua mashine kuukuu yenye variata, natengeneza vigoda na bakuli. Gogo likiwa bado lina pembe naanza chini kabisa, kuanzia raundi 500 hivi, likishakuwa duara napandisha taratibu huku nasikiliza mashine. Ikianza kutetemeka nashuka kidogo, inatulia. Puli za ngazi haziwezi kukupa huo mwendo wa katikati, kaka PuliKubwa.

Lakini nikwambie ukweli wake pia, MwanaMninga. Usizungushe mkono wa variata mashine ikiwa imesimama, utavunja kitu. Vumbi la mbao likikutana na grisi pale shavu linapoteleza linakuwa kama ugali mkavu na shavu linakwama. Kila Jumamosi nafungua nasafisha. Na mkanda wake ni mpana kuliko wa kawaida. Wa mwisho niliutafuta wiki tatu.

MzeeWaShafti (Unguja)
Assalaam alaykum. Nafurahi kuona kijana anauliza habari ya sahani ya msuguano, kitu hiki kimesahauliwa na hakistahiki kusahauliwa. Byron Carter wa Michigan, Marekani, alitengeneza magari ya Cartercar yasiyokuwa na giaboksi ya meno: sahani ya chuma na gurudumu lenye ukingo wa karatasi iliyoshindiliwa. General Motors wakainunua kampuni hiyo mwaka 1909. Watu walipanda vilima kwa msuguano mtupu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua raundi za sahani, zidisha kwa umbali wa gurudumu kutoka kati ya sahani, gawa kwa nusu kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la nusu kipenyo sm 10, sahani ya raundi 1,440: ukiliweka sm 5 kutoka kati unapata 720, sm 10 unapata 1,440, sm 15 unapata 2,160. Na ukilivusha upande wa pili wa kati, shafti inarudi kinyumenyume. Kwa kupiga msasa hakuna raha kama hiyo.

PuliKubwa (Keko)
Mzee shikamoo. Kinyumenyume kwenye mashine ya mbao? Kile kisahani cha kufungia bakuli kimeingia kwa hesi. Ukizungusha kinyume kinajifungua na bakuli linakufuata mwenyewe.

MzeeWaShafti (Unguja)
Marahaba. Kisahani kinatiwa skurubu ndogo ya kukifunga kwenye shafti. Sisi tulifanya hivyo miaka yote.

SalumRanda (Tanga)
Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho, maana hii sahani nimeishi nayo miezi minane.

Nilipata sahani ya chuma nene, nikampa fundi akaikereza uso. Gurudumu nikatumia la toroli la raba ngumu, nikalifunga kwenye shafti yenye kabari ili liteleze kushoto na kulia, springi mbili zikawa zinalibana. Wiki ya kwanza niliita majirani waje waone. Mwendo unapanda kama unavuta pazia.

Wiki ya tatu ikaanza kuteleza. Vumbi la mbao lilikuwa linakaa kwenye sahani, raba inalisaga, uso wa raba ukawa unang'aa kama kiatu kipya. Nikapiga msasa, ikashika siku mbili, ikaanza tena. Nikaongeza springi. Ikashika, ila sasa mota ikawa inapata moto upande wa mbele. Nikadhani ni waya, nikampelekea fundi wa kusuka mota, akafungua akanionyesha beringi: imeliwa upande mmoja. Nikabadilisha, nikarudi kazini.

Halafu siku moja patasi ikazama kwenye gogo la mkongo, shafti ikasimama. Sahani ikaendelea kuzunguka chini ya raba ileile, pahala palepale, sekunde kama kumi mpaka nimefikia swichi. Raba ikapata kidonda cha bapa. Tangu siku hiyo mashine ikawa inagonga, du du du du, kila mzunguko, na ile alama ya kugonga unaiona kwenye mti. Miguu minne ya meza ilirudishwa na mteja.

Lililonimaliza ni hili. Nilikuwa na bakuli la inchi 12, niko chini karibu na kati ya sahani. Mkono wa kusogezea gurudumu sikuuwekea kizuizi. Mtetemo ukaulegeza, gurudumu likakimbilia nje lenyewe. Kabla sijaelewa kinachotokea bakuli limeshapanda mwendo, likapasuka vipande viwili, kimoja kikatoboa bati. Kijana wangu wa kazi alikuwa amesimama upande ule dakika moja kabla. Nilizima, nikakaa chini, siku hiyo sikufanya kazi tena. Kesho yake niliing'oa yote.

MamaVigoda (Nakuru)
Pole sana kaka Salum. Shukuru Mungu kijana alikuwa ametoka.

Beringi6205
Pole Salum. Hiyo beringi kuliwa upande mmoja inaelezeka. Chukulia mota ya hp 2, ni kama wati 1,500. Gurudumu likiwa sm 10 kutoka kati ya sahani ya raundi 1,440, uso unapita mita 15 kwa sekunde, kwa hiyo mvuto unaotakiwa ni kama kilo 10 tu. Sogea sm 4 kutoka kati, uso unapita mita 6, mvuto unakuwa kilo 25. Raba juu ya chuma chenye vumbi, mimi singeitegemea zaidi ya theluthi moja ya kinachoibana. Maana yake ubane kwa kilo 80 na zaidi, na kilo zote hizo zinaisukuma shafti ya mota kwa urefu wake. Beringi ya kawaida ya mota haikuwekwa pale kwa kazi hiyo.

Na ona ubaya ulipo: unahitaji kubana zaidi pale unapotaka kwenda polepole, na polepole ndiko kwenye bakuli kubwa.

MzeeWaShafti (Unguja)
Bwana Beringi hesabu yako ni sahihi na siipingi. Lakini kosa ni kufunga sahani kwenye shafti ya mota. Sahani ipewe shafti yake na beringi za koni, hata za hapu (kitovu cha gurudumu) ya gari zinafaa, mota iizungushe kwa mkanda. Gurudumu liwe jembamba, kwa sababu raba pana upande wa ndani na upande wa nje wa sahani haziendi mwendo mmoja, zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na kutoa moto. Na mkono uwe na meno ya kuushika. Salum mwanangu, pole, lakini hukuuliza mtu kabla ya kuunda.

SalumRanda (Tanga)
Sawa mzee, nakubali mkono ulikuwa kosa langu. Lakini sahani, shafti yake, beringi za koni, puli mbili na mkanda juu yake... si tayari nimeshanunua puli za ngazi?

KijanaWaGia
Kwa nini tusichukue variata ya skuta? Zimejaa kwa mafundi pikipiki, na mkanda wake unapatikana.

Beringi6205
Variata ya skuta haisogezwi kwa mkono. Ndani ina vinundu vinavyosukumwa nje na kasi ya injini, na injini ile inakimbia raundi elfu kadhaa. Ukiifunga kwenye mota ya 1,440 vinundu vinabaki vimelala na utapata mwendo mmoja tu, ule wa chini. Uweke mkono wa kusukuma shavu badala ya vinundu, hapo tunaweza kuongea.

KijanaWaGia
Nimekuelewa. Ila ukiniuliza mimi, kila kitu cha kubana na kuachia kina mwisho wake. Nilikuwa na gari la Kijapani lenye giaboksi ya mkanda wa chuma. Kupanda mlima Kitonga likaanza kuvuma, likapoteza nguvu, nikaegesha mpaka lipoe. Fundi alikuwa ameweka mafuta ya giaboksi ya kawaida.

MzeeWaShafti (Unguja)
Basi tatizo lilikuwa mafuta. Wadachi wa DAF walitoa gari lenye mikanda ya variata mwaka 1958, na lilikuwa linarudi nyuma kwa kasi ileile linayokwendea mbele. Nissan nao mwaka 1999 waliweka kwenye Cedric na Gloria sahani zilizobonyea zenye magurudumu ya chuma katikati, ndugu wa sahani ya Salum, ila bila raba. Kinachoshika pale ni mafuta maalumu ambayo yakibanwa yanakaza kama kitu kigumu. Weka mafuta mengine uone.

PuliKubwa (Keko)
Tumetoka Mafinga tumefika Japani. Mwenye uzi yuko wapi?

MwanaMninga (Mafinga)
Nipo wakuu, umeme ulikatika. Mota nimeambiwa ni hp 2, kibao kimefutika. Ina kapasita moja ubavuni. Bakuli ni kama inchi 14. Sahani imekatwa kwa gesi, haijakerezwa. Salum, habari yako imenishtua, maana mimi pia nina kijana.

FundiUmeme_Dodoma
Kapasita ubavuni maana yake mota ya njia moja, na nyingi za hivyo zina swichi ndani inayokata kapasita mota ikishika kasi. Usiifunge kwenye inveta. Ukishusha mwendo, swichi inarudi, kapasita inabaki kwenye umeme na utaunguza.

Inveta inataka mota ya njia tatu. Zipo inveta zinazoingiza umeme wa volti 230 wa njia moja na kutoa njia tatu za volti 230. Tafuta mota ambayo kibao chake kimeandikwa 230/400, uifunge delta, yaani waya zake ziungwe kwa pembetatu. Kwa Hz 50, mapigo ya umeme wa kawaida, unapata 1,440, kwa Hz 25 unapata 720 hivi. Nguvu ya kusokota inabaki karibu ileile, lakini hp inashuka nusu, na feni ya mota inazunguka polepole kwa hiyo usiiache chini muda mrefu. Iweke inveta kwenye boksi lililofungwa, vumbi la mbao ni adui yake. Hakuna raba, hakuna springi, na unazungusha kitufe kwa kidole.

PuliKubwa (Keko)
Kwa hiyo anunue mota nyingine, inveta na boksi ili akereze bakuli moja?

FundiUmeme_Dodoma
Bakuli moja leo. Akiwa nayo ataletewa mengine.

MamaVigoda (Nakuru)
Fundi wangu hutumia kanuni hii: zidisha kipenyo kwa inchi na raundi, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Inchi 14 ni raundi 430 mpaka 640. Mguu wa kitanda wa inchi 3 ni 2,000 mpaka 3,000. Kwa hivyo puli za kaka PuliKubwa zinafika kote, nakubali. Lakini gogo likiwa bado halijawa duara mimi huwa natamani hata 300.

FundiUmeme_Dodoma
Puli mbili za ngazi pamoja na inveta. Ngazi ya 480 kwa Hz 30 ni 288, na mota bado ina msokoto wa kutosha.

MwanaMninga (Mafinga)
Ndugu yangu kaahirisha safari mpaka wiki ijayo, nina muda. Kesho nafungua kifuniko cha mota niangalie hiyo swichi. Mzee, sahani nikiipeleka ikakerezwa uso na kupewa shafti yake, bado unaniambia niiendee?

MzeeWaShafti (Unguja)
Kwa miguu ya vitanda ningekwambia ndiyo hata usiku wa manane. Kwa bakuli la inchi 14, nipe picha ya mashine kwanza.

SalumRanda (Tanga)
Kabla ya picha, MwanaMninga. Hilo gogo la mninga ulilipunguza pembe kwa msumeno kabla ya kulifunga, au ulilifunga na magamba yake? Na mashine umeifunga chini kwa bolti au imekaa tu sakafuni?

MwanaMninga (Mafinga)
Imekaa tu. Na gogo lilikuwa na magamba.