Enzi za Amin na leo: haki za raia Uganda zimebadilika kweli?

Mjukuu_wa_Mutukula:
Shikamooni wakubwa. Nimekulia Bukoba, mama ni wa Masaka, sasa nasoma Kampala. Juzi kwenye teksi (daladala ya huku) mzee mmoja alisema eti wakati wa Amin raia alikuwa na haki kuliko leo. Gari zima likanyamaza. Mimi ni wa 2003, sina cha kujibu. Mlioishi chini ya utawala wa kijeshi, 1971 hadi 1979, kulikuwaje? Siasa za vyama sizitaki, nataka mliyoyaona.

Binti_Reli:
Marahaba mjukuu wangu. Huyo mzee alikuwa wapi 1976?

Mimi nimekulia Nsambya, nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa injini. Watoto wa reli tulisema Kiswahili kwa sababu majirani walikuwa Wajaluo, Wateso, Waganda, kila aina. Shuleni walitutazama kwa jicho la pembeni, maana kwa watu wengi Kampala Kiswahili kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani: "Toka! Lala chini! Lete kitambulisho!" Amin alipokitangaza lugha ya taifa 1973, mama alicheka, akasema sasa tutaogopwa hata sokoni.

Kutoka Nsambya, kilima cha Makindye hakiko mbali, na kambi ya polisi wa jeshi iko huko. Usiku tukisikia lori linapanda, baba anazima taa.

Sheria? 1971 askari walipewa amri ya kukamata raia bila hati. 1972 ikatoka nyingine ya kuikinga serikali isishtakiwe. Mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa na jeshi aachiwe. Tarehe 21 Septemba wakamfuata jaji mwenyewe hapohapo mahakamani, wakamchukua mchana kweupe. Hakurudi. Sasa wewe mke wa fundi wa reli utamlilia nani?

Mjomba wangu walimfuata 1976, wanaume wanne na gari dogo. Wakamvua viatu mlangoni, wakamtia kwenye buti. Viatu vikabaki pale, kimoja kimelala juu ya mwenzake. Mama hakupiga yowe. Polisi hakwenda. Hata kanisani hakulitaja jina la kaka yake kwenye maombi, maana hujui nani kakaa benchi la nyuma.

Aprili 1979 wakaingia wakombozi, askari wa Tanzania. Mmoja alipiga hodi kwetu, akasema, "Samahani mama, naomba maji." Mama alisimama tu na kikombe mkononi. Hakuwa amewahi kuombwa kitu na mtu mwenye bunduki.

Na leo? Kijana wa jirani yangu alibebwa na watu wasio na sare, kwenye yale magari mnayoyaita "droni". Dada yake akapiga picha. Kufika jioni picha iko kwenye simu za mtaa mzima, na kesho yake wakili yuko mahakamani. Kijana alirudi baada ya wiki sita, anachechemea, hasemi alikokuwa. Tofauti naiona, ila mama yake siwezi kumwambia "afadhali".

Wakili_wa_Kijiweni:
Bibi, heshima yako. Niongeze kidogo. Katiba ya 1995, kifungu cha 23, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Hiyo enzi za Amin hawakuwa nayo. Lakini Makindye ni ileile: Mahakama Kuu ya Kijeshi inakaa huko. Novemba 2024 Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani, alikamatwa Nairobi, siku nne baadaye yuko kizimbani Makindye. Januari 2025 mahakama hiyo ikamfunga wakili wake, Eron Kiiza, miezi tisa. Tarehe 31 mwezi huohuo Mahakama ya Juu ikasema raia wasipelekwe mahakama za kijeshi, na majaji wakarudi makwao wakala chakula cha jioni. Kiwanuka hakupata hata hicho. Lakini Juni haijaisha, sheria mpya ya kuwarudisha raia huko kwa baadhi ya makosa imeshatiwa saini.

Mzalendo256:
Mbona hamsemi Amin aliwapa Waafrika maduka ya Wahindi aliowafukuza? Na wezi hawakuwapo.

Binti_Reli:
Mwanangu, maduka walipewa kina nani? Sisi tulipanga foleni ya sukari na sabuni. Wezi walikuwapo, tena wengine walivaa sare. Na kama mimi huniamini, muamini yeye: 1974 Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, na tume hiyohiyo yake ikaorodhesha watu 308. Hapo bado mjomba wangu.

Mjukuu_wa_Mutukula:
Asante sana bibi. Samahani kwa kuuliza, vile viatu viliishia wapi?

Binti_Reli:
Vilikaa uvunguni mwa kitanda cha mama. 1981 mjomba mdogo akavivaa siku ya harusi yake. Vilimbana. Ilipofika saa ya kucheza akavivua, akaviacha mlangoni. Mama aliacha wageni, akaenda mbio kuviingiza ndani.