Acheni kuwaambia watu "chonga tu, spea ni chuma": mnaua injini za wenzenu

Wakuu, imetosha. Mtu akiuliza habari za spea ya injini, jibu ni lile lile: usinunue, chonga, yaani itengeneze mwenyewe. Hakuna anayemuuliza ni spea gani, inabeba mzigo gani, inakaa kwenye moto, maji au oili. Hasara inabaki kwa mwenye injini.

Ushauri mbaya kuliko wote ni huu wa kuweka kipande cha kopo la soda nyuma ya beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) ili "kuua mlio". Kopo lina unene wa karibu milimita 0.1. Shingo ya krenki (sehemu inayozunguka ndani ya beringi) yenye kipenyo cha milimita 50 inataka nafasi ya oili ya kama milimita 0.03 hadi 0.06. Hilo bati limeshameza nafasi yote na kupitiliza! Mtasema shingo imelika. Ndiyo, ila huwa hailiki sawasawa, inakuwa na umbo la yai, kwa hiyo upande mmoja utabana na mwingine utacheza. Juu ya hapo bati linaweza kuziba tundu la oili, na joto la beringi halipiti vizuri kwenda kwenye konrodi. Beringi inayeyuka, inazunguka, inakula krenki. Kazi halali ni kupima shingo kwa maikromita, mara mbili kwa pande zinazokatana, krenki ikasagwe, kisha zinunuliwe beringi nene zaidi, za saizi ya milimita 0.25 au 0.50, kulingana na kiasi shingo ilivyosagwa. Beringi hizi hazichongwi nyumbani, basi.

Bolti za konrodi nazo hazikerezwi (hazichongwi kwenye mashine) kwa chuma laini. Kwenye mizunguko 3000 kwa dakika pistoni inasimama na kugeuka mara 100 kila sekunde, na bolti ndiyo inayovutwa. Ikikatika, konrodi inatoboa bloku.

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kifuniko cha silinda, ya kukata kwa mkono? Ile ya dukani ina pete za chuma kuzunguka silinda, na unene wake ndio unaopanga kompresheni, yaani kiasi hewa inavyogandamizwa. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti, zenye alama za matundu au mikato pembeni, na unachagua baada ya kupima pistoni imechomoza kiasi gani juu ya bloku.

Sisemi kila kitu kinunuliwe. Bushi ya shaba nyeusi, stadi ya ekzosi, mabano ya kushikia jenereta, fundi mzuri wa kukereza anatoa kitu safi kabisa. Gasketi za vifuniko pia zinakatwa, lakini kwa karatasi ya gasketi, si boksi la viatu. Pima unene wa gasketi ya zamani pale ambapo haikubanwa. Toboa matundu ya bolti kwanza kwa patasi ya duara, ndipo ukate ukingo kwa mkasi. Acheni kugonga karatasi kwa nyundo juu ya kifuniko cha aluminiamu: kona zinakatika na uso unapata makovu, kisha mnalaumu karatasi kwamba inavuja.

Gasketi ya mpira wa tyubu isikaribie petroli wala oili. Mpira huo unavimba na kulainika. Silikoni ya kuzibia nayo ni uzi wa milimita 2 hadi 3 tu, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Mnapaka kama plasta ya ukuta, ya ziada inamegukia ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili.

Na hiyo pampu yenyewe! Kwenye pampu za gia zenye gasketi ya kifuniko, unene wa gasketi ndio unaopanga nafasi kati ya gia na kifuniko. Weka karatasi nene, oili inapita juu ya gia na presha inashuka, hasa injini ikipata moto. Anayemshauri mtu akate gasketi hiyo ataje unene wa karatasi. Akishindwa kuutaja, asifuatwe.