Treni ya mezani inakwama kila baada ya nusu mita, reli nazisugua mpaka basi. Naombeni msaada

Kijana wa Raskazone
Habari za majukumu wakuu.

Mjomba alirudi kutoka Uingereza mwaka juzi akaniletea seti ya treni ndogo, zile za skeli ya OO zinazotumia umeme wa volti 12, kichwa kimoja cha dizeli na mabehewa sita. Nimeifunga juu ya plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 kwenye chumba cha uani, duara moja kubwa na kijinjia cha kuchepukia. Miezi ya mwanzo ilikuwa burudani tupu, watoto wa mtaa wanajaa dirishani.

Sasa hivi ni mateso. Kichwa kinasita, taa inazima inawaka, nakisukuma kwa kidole kinaenda kidogo kinakwama tena, na nikipitisha kidole juu ya reli kinatoka cheusi kama nimeshika sufuria ya mkaa. Nimesugua na msasa, mwanzo ilikuwa inatulia wiki mbili, sasa hivi siku mbili tu imerudi kulekule. Magurudumu nimeyapaka oili ya cherehani nikidhani yamekauka. Nakaa karibu na bahari, kuna mtu kaniambia chumvi imeshakula reli ninunue mpya, sasa hapa Tanga nazipata wapi?

Natanguliza shukrani.

Chapa Nne
Mtu mzima na akili zako unacheza treni 😂😂 nimeweka kigoda nasubiri wataalamu

Fundi Redio
Mwache mwenzio, wewe mwenyewe unashinda kwenye mikeka.

Mleta mada, kabla ya yote chukua sumaku uguse reli. Ikinata hiyo ni chuma, seti za zamani zilikuwa nazo na kweli hewa ya bahari itakutesa kwa kutu. Isiponata na rangi ni ya kifedhafedha, hiyo ni nikeli silva, jina tu lakini fedha haimo, ni shaba na zinki na nikeli. Hiyo chumvi haiwezi kuila kirahisi namna hiyo.

Halafu huo msasa weka mbali leo leo. Kila ukisugua unaacha mikwaruzo, uchafu unapata mahali pa kujishika. Ndiyo maana zamani wiki mbili sasa siku mbili, umelima matuta mwenyewe mdogo wangu.

Kijana wa Raskazone
Sumaku haijanata mkuu. Kwa hiyo ni hiyo nikeli. Duh, na msasa niliotumia ni ule wa mbao

Fundi Redio
😳 wa mbao kabisa

Mzee wa Signo
Vijana hamjambo. Nimefanya kazi relini miaka mingi upande wa signo, yaani ishara za kuongozea treni, hii habari nimeipenda.

Hata reli kubwa ina shida kama yako. Njia ikikaa muda mrefu bila treni inashika kutu juu, treni ikipita juu ya ile kutu saketi ya njia, yaani umeme mdogo unaopita relini kutambua treni ilipo, inaweza isiione, kwenye paneli panaonekana njia tupu kumbe kuna behewa limesimama. Lakini njia inayopitiwa kila siku inang'aa kama kijiko, kwa sababu kichwa cha tani mia kinasaga uchafu chenyewe. Hicho chako hata nusu kilo sidhani kama kinafika, chembe ndogo tu ya uchafu inakinyanyua, umeme unaruka kwa cheche, cheche inaunguza uchafu unakuwa mweusi, ule weusi unaleta cheche nyingine. Ndiyo hicho unachokiona kidoleni.

Swali langu, hayo magurudumu umewahi kuyasafisha?

Kijana wa Raskazone
Shikamoo mzee. Hapana, nimeyapaka oili tu

Mzee wa Signo
Marahaba. Basi unafua shati halafu unalivaa bila kuoga.

Bibi Treni
Niko Hamburg, mume wangu ana ugonjwa huohuo tena treni zake ni za kampuni ya Märklin, reli zote mbili upande mmoja wa umeme na katikati kuna vinundu ambavyo kichwa kinavigusa kwa kitu kama skii, mimi nimeolewa na hizo treni miaka ishirini kwa hiyo nimesoma bila kupenda 😅

Kusafisha magurudumu fanya hivi. Chukua tishu ilowanishe kidogo na spiriti, ilaze juu ya reli. Kichwa kiweke magurudumu ya mbele juu ya tishu na ya nyuma juu ya reli tupu ili yapate umeme, kishike kwa mkono halafu washa taratibu. Magurudumu yatazungukia kwenye tishu na utaona mistari miwili myeusi inachoreka. Sogeza tishu rudia mpaka itoke nyeupe, kisha geuza kichwa fanya upande wa pili. Angalia kama gurudumu moja lina raba ya kushikia njia, hiyo futa kwa pamba ya masikio na spiriti kidogo sana isije ikalegea.

Mabehewa ndiyo watu wanayasahau. Kama magurudumu yake ni ya plastiki utakuta yana ukoko, ukwangue na kijiti cha meno.

Fundi Redio
Dada kaongea vizuri, niongeze kwenye spiriti tu. Tafuta isopropili ya mafundi simu wanayooshea bodi, hiyo safi. Za duka la dawa nyingine zimetiwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi. Dondosha tone kwenye kioo, likikauka likaacha utando usiitumie. Tapentaini nyeupe ya hadiwea nayo inafanya kazi, wengine wanaipenda kuliko spiriti, ila futa kabisa na kitambaa kikavu. Thina usiguse, itayeyusha mataruma ya plastiki. Petroli ndiyo usithubutu, mahali penye cheche hapo. Na ukifuta reli zenyewe, umeme uzime mpaka pakauke.

Chapa Nne
Kumbe yana mataruma kabisa 😂 haya nimeanza kuelewa

Mzee wa Signo
Swali lingine, huo umeme umeufungia wapi kwenye duara?

Kijana wa Raskazone
Sehemu moja tu mzee, hapo karibu na kontrola

Mzee wa Signo
Basi unategemea vile vibati vya kuunganishia reli vipeleke umeme meza nzima. Vikilegea umekwisha. Chukua multimita upime upande wa mbali kabisa, lakini pima kichwa kikiwa kinavuta, ukipima njia ikiwa tupu itakudanganya. Ukiona volti zimeshuka sana kuliko pale kwenye kontrola, pitisha waya chini ya plaiwudi uchomee kwa risasi kwenye reli kila baada ya mita moja hivi.

Bibi Treni
Na hicho chumba kinatumika kwa nini kingine?

Kijana wa Raskazone
Analala bi mkubwa, mama mkwe. Kuna feni, jioni anapuliza dawa ya mbu na usiku anachoma ubani

Bibi Treni
😂😂😂 jibu ndiyo hilo. Dawa ya kopo inashuka kama umande wa mafuta, moshi wa ubani unashukia juu yake, feni inaleta vumbi. Kila siku!

Kijana wa Raskazone
Wakuu mrejesho baada ya wiki tatu.

Magurudumu nimeyafanyia ile ya tishu, mara ya kwanza ilitoka nyeusi tii nikaogopa, mara ya saba ikatoka nyeupe. Ile oili nimeitoa yote, kumbe ilikuwa inatambaa kwenye reli kila mzunguko. Nimepima kama mzee alivyosema, kwenye kontrola 11.6 na upande wa mbali 7.9! Nimeongeza waya sehemu nne. Pia nimekata kipande cha hadibodi nikakining'iniza chini ya behewa moja kwa misumari miwili iliyolegea, upande wa chenga ndiyo unagusa reli, ncha za mbele na nyuma nimezichonga kidogo kisinase kwenye maungio. Kinafuta kikiwa kinatembea.

Kinakwama sehemu moja tu, pale kwenye pointi, yaani treni inapobadilisha njia, katikati reli zinapokatana kuna plastiki, nikienda taratibu sana kinazima.

Ubani nimeshauriana na mke wangu, amesema nisithubutu kumwambia mama yake. Nimenunua shuka nafunika meza kila jioni.

Mzee wa Signo
Hapo kwenye plastiki usiende taratibu.