Nimekosa sindano ya Jumapili, leo ni Alhamisi: nidunge au ningoje?

DerevaWaUsiku
Wadau, habari za jioni. Niko kwenye semaglutide, ile ya kudunga mara moja kwa wiki, kwa ajili ya sukari. Nilianza na miligramu 0.25, sasa niko wiki ya pili ya 0.5. Siku yangu ni Jumapili jioni. Wikendi tulikuwa Kitui kwa matanga, kalamu ya kudungia ikabaki kwenye friji huku Umoja, na tumerudi leo. Nidunge sasa ama ningoje Jumapili? Jirani anasema nipige mbili Jumapili nifidie.

Halafu, dawa hii mtu anaifuatilia vipi? Jumanne hata chapati za mke wangu sizitaki, lakini ikifika Ijumaa nakula kama mtu wa mjengo. Yeye anasema napoteza pesa. Natumia pia vidonge vya sukari, metformin na gliclazide.

NesiKayole
Poleni kwa msiba. Mbili kwa mpigo usithubutu, utatapika mpaka ulazwe.

Kwa semaglutide, kama hazijapita siku 5 tangu siku uliyokosa, unadunga. Wewe umechelewa siku 4, kwa hivyo dunga leo, kisha Jumapili jioni urudi kwa ratiba yako. Zikishapita 5, unaiacha hiyo na kungoja siku yako ya kawaida. Lakini soma jina kwenye boksi kwanza: wa tirzepatide, sindano nyingine ya kila wiki, mwisho wao ni siku 4, kwa hivyo usimpe mtu jibu hili bila kujua anadunga nini.

Mwambie shemeji dawa haijaisha mwilini Ijumaa. Baada ya wiki moja bado karibu nusu yake imo. Kiwango hutulia ukikaa kwenye dozi moja wiki 4 hadi 5, na ile 0.25 ilikuwa ya kuzoesha tumbo tu. Wiki ya pili ya 0.5 ni mapema kuhukumu.

MamaKalenda
Mimi nilijaribu programu za simu nikazifuta. Zinauliza kalori, na githeri hazijui ni nini! Sasa natumia kalenda ya ukutani, ya bure kutoka duka la mbegu. Siku ya sindano naandika dozi na mahali: T ni tumbo, K paja la kulia, S la kushoto, nisirudie palepale. Asubuhi kabla ya chai naandika sukari. Uzito ni mara moja kwa wiki, siku ileile, maana kila siku utajitia wazimu bure.

Kilichonisaidia zaidi ni alama ya kichefuchefu. Niliona zimejaa siku mbili za kwanza baada ya kudunga, hasa nikila chipsi usiku. Dawa hii inachelewesha chakula kutoka tumboni, sasa mafuta yakikaa humo, shauri yako. Siku hizo nakula kidogo, uji au ugali na managu, na mapema. Kliniki napeleka kalenda nzima. Daktari anailinganisha na kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, hanisomeshi tena.

DerevaWaUsiku
Asanteni. Kwa hivyo Kitui ningeenda nayo?

NesiKayole
Kalamu uliyokwisha kuianza inaweza kukaa nje ya friji bila kupita nyuzi 30, mbali na jua. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Kitui, hapana. Muda wake ukishafunguliwa uko kwenye karatasi yake, kwa hivyo andika tarehe ya kuifungua juu ya boksi. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka. Na toa sindano kila baada ya kudunga.

Kitu kimoja kinanisumbua zaidi kuliko kalamu: gliclazide, na wewe ni dereva wa usiku. Semaglutide peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini zikiwa pamoja, na huli, inaweza. Pima kabla ya kushika usukani. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), kunywa soda yenye sukari, pima tena baada ya dakika 15, usiendeshe bado. Mpigie daktari wako kesho aangalie dozi ya gliclazide, usiipunguze mwenyewe. Na maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni yasiyoisha, hayo ni ya hospitali usiku huohuo.

DerevaWaUsiku
Nimepima sasa hivi, 5.2. Nadunga paja la kushoto. Daktari nampigia asubuhi, na leo gari nimemwachia mwenzangu.