Vijiko, uma na visu vyeusi: vitafaa nyumba inayotumia maji ya chumvi?

Mkazi wa Kigamboni ameuliza:

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Tunahamia nyumba yetu mpya hivi karibuni, na kwa ajili ya meza ya mninga ya watu wanane na sahani nyeupe za kaure tumevutiwa na vijiko, uma na visu vyeusi visivyong'aa, ambavyo sasa vimejaa madukani Kariakoo. Kinachonitatiza ni kwamba seti mbili ambazo kwa macho yangu ni pacha hutofautiana bei mara tatu au nne, na muuzaji hakuweza kunieleza zaidi ya kusema kwamba ile ya ghali ni "orijino". Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Kijiko tunakitumia kila siku kwa wali na maharage, ilhali uma na visu hutoka hasa wageni wanapokuja. Je, weusi huo hudumu? Nikiwa dukani nitatambuaje kilicho bora? Na juu ya mninga vitapendeza, au vitapotea?

Fundi Chuma amejibu:

Salamu, dada. Weusi unaouona si wa chuma chenyewe. Chini yake kuna chuma kisichoshika kutu kilekile cha rangi ya fedha tunachokijua sote, na weusi ni ngozi iliyovikwa baada ya kijiko kukamilika. Tofauti ya bei hutokana zaidi na namna ngozi hiyo ilivyovikwa na daraja la chuma kilicho chini yake.

Vijiko vya bei rahisi hupakwa rangi, ama ya kupuliziwa, ama ya kuchovya, ama ya unga unaookwa katika tanuri. Vya ghali hupitia njia ambayo kwenye maboksi huandikwa kwa herufi PVD: huingizwa katika chumba kilichoondolewa hewa, metali kama titani au kromi hugeuzwa mvuke, na mvuke huo, ukichanganyika na gesi maalumu, hutua juu ya chuma chembe kwa chembe hadi ukashikamana nacho. Wengi hudhani kwamba upako bora ni ule mnene, lakini hapa mambo ni kinyume. Upako wa PVD una unene wa mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na mara nyingi haufiki hata moja, wakati unywele wa mtu una takriban mikroni 70. Rangi ndiyo iliyo nene. Hata hivyo rangi ni laini na imekaa juujuu, kwa hiyo ikigongwa na sahani hubanduka vipande, na vipande hivyo huishia kwenye wali. Upako wa PVD ni mgumu kuliko chuma kinachoubeba, na kama kazi ya kuuvika ilifanywa vizuri, kuchakaa kwake ni kufifia polepole kwenye mgongo wa kijiko na kwenye ncha za uma.

Dukani usiutazame mpini, kwa kuwa hakuna mtengenezaji asiyejua kuupendezesha mpini. Tazama meno ya uma pale yanapoanzia. Rangi hukusanyika hapo, ikazifanya kona kuwa butu, na pengine utaona tone lililokauka. Upako wa PVD huziacha kona jinsi zilivyokatwa. Geuza pia kijiko usome maandishi yaliyochongwa mgongoni, maana yakiwa yamefukiwa nusu, hiyo ni rangi. Herufi za kwenye boksi zisikutoshe peke yake, kwa sababu kuchapa herufi tatu ni kazi nyepesi kuliko kumiliki chumba cha ombwe.

Kuhusu chuma, namba 18/10 humaanisha asilimia 18 ya kromi na asilimia 10 ya nikeli, na 18/0 haina nikeli. Chukua sumaku ndogo mkobani: kijiko cha 18/0 kitanasa kwa nguvu, cha 18/10 hakitanasa au kitanasa kwa unyonge. Kisu usikipime hivyo ukamlaumu muuzaji, kwani bapa la kisu, hata katika seti nzuri, kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma chenye takriban asilimia 13 ya kromi, ambacho huweza kukazwa kwa moto ili kishike makali, na chuma hicho hunasa sumaku. Ni cha ukoo uleule ambao mtaalamu wa metali Harry Brearley aliupata mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Hustahimili kutu, lakini mbele ya chumvi ni dhaifu kuliko chuma cha vijiko, kwa hiyo katika nyumba yako visu ndivyo vitakavyoanza kusumbua.

Mama wa Nyali amejibu:

Nami naishi pwani na maji yetu ni kama yenu, dadangu, kwa hiyo nitazungumzia kuviosha. Chumvi haili weusi wenyewe. Hupita katika vitundu vidogo mno vya upako, ikavunja utando mwembamba unaokinga chuma, kisha nukta za rangi ya kahawia hujitokeza juu, na mtu akadhani kwamba weusi ndio uliooza. Nukta hizo hupatikana zaidi pale tone la maji lilipoachwa likauke, kwa kuwa maji yakipungua chumvi iliyobaki huzidi kuwa kali. Ndiyo maana kazi kubwa haipo katika kuosha bali katika kukausha. Tumia sponji laini na sabuni ya maji, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu ya mvua au ya bomba uliyoyaweka kando, kisha vipanguse kwa kitambaa pale pale badala ya kuviacha vichuruzike kwenye kikaushio.

Majivu, mchanga, unga wa kusugulia na waya wa chuma wa masufuria visikaribie kabisa. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nayo isiguse, kwa sababu hutoboa chuma kwa njia ileile ya chumvi, tena upesi zaidi. Wali ukikaukia kwenye kijiko, maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika chache yataulainisha bila kuparuza. Lakini kuloweka usiku kucha, hasa kama kuna mabaki ya ndimu, ukwaju au achari, ni kukaribisha madoa. Visichanganywe katika karai moja na masufuria ya alumini, kwani msuguano huacha michirizi ya kijivu ambayo kwenye weusi huonekana waziwazi.

Baada ya muda utaona ukungu mweupe na utaogopa kwamba rangi imetoka. Mara nyingi hiyo ni chokaa ya maji tu. Changanya kijiko kimoja cha siki na vinne vya maji, pangusa kwa kitambaa, suuza mara moja na ukaushe. Kama unayo mashine ya kuoshea vyombo, visu uviache nje hata kama boksi linaruhusu. Na mwenye kukusaidia kazi za nyumbani umweleze sababu ya haya yote, maana mtu aliyezoea kusifiwa kwa sufuria linalometa ataona sponji laini kuwa ni uvivu.

Msomaji wa Nairobi amejibu:

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Kwa kijiko kinachoingia kwenye wali na maharage kila siku, sioni sababu ya kulipia ngozi ambayo kazi yake ni kuchakaa. Sahani ya kaure, hasa ile isiyong'aa, ina uso mgumu unaoweza kuparuza chuma, na kila kijiko kinapokwangua chakula cha mwisho hupoteza kidogo. Ipo njia ya kati, yaani vyombo vyenye mpini mweusi na kichwa cha chuma kitupu, kama vile aina iitwayo Goa ya kampuni ya Cutipol ya Ureno, ambayo mipini yake ni ya utomvu wa viwandani, yaani resini, namna ya plastiki, na zipo seti nyingi za bei nafuu zinazofuata mtindo huo. Kichwa hakina cha kubanduka, na macho bado huona weusi. Udhaifu wake ni kwamba mpini uliogundishwa hauvumilii kulowekwa katika maji ya moto. La sivyo, nunua vya kawaida kwa kila siku na uvihifadhi vyeusi kwa wageni.

Mama wa Nyali amejibu:

Shauri la mpini mweusi ni zuri, lakini hilo la kuhifadhi linanitia shaka. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na visu vinavyokaa kabatini miezi mingi ndani ya boksi lao lenye sifongo huweza kutoka na kutu bila kuguswa na mlo hata mmoja, hasa vikiwa viliingizwa na unyevu kidogo. Heri vikae kwenye droo iliyotandikwa kitambaa kikavu, visu vikiwa upande wao ili makali yasiparuze vijiko, na vitumike mara kwa mara.

Mkazi wa Kigamboni ameandika:

Nawashukuru sana. Nimerudi Kariakoo na sumaku, na ile seti ya bei rahisi ilikuwa na matone yaliyokauka katikati ya meno ya uma, kama alivyosema Fundi. Nimeelekea kununua vijiko na uma vyeusi vya PVD, na visu vyenye mpini mweusi na bapa tupu ambalo nitaweza kulinoa. Limebaki suala la meza. Nina vitambaa vyeusi vya mezani nilivyopewa zawadi, nami nilifikiri vitaendana.

Mpambaji wa Unguja amejibu:

Dada, vitambaa hivyo viweke kwa shughuli nyingine. Chuma cheusi kisichong'aa hakirudishi mwanga, kwa hiyo juu ya kitambaa cheusi mgeni atapapasa kutafuta kijiko chake. Mninga una wekundu wa kahawia, na mchana weusi juu yake hutokeza vizuri bila kitambaa chochote. Usiku, chini ya taa hafifu ya manjano, hali hubadilika na mipini huzama kwenye mbao, basi tandika chini ya kila sahani kitu cheupe au cha rangi ya maziwa. Mkeka mdogo wa ukili usiotiwa rangi hufaa kuliko vitambaa vingi vya dukani, kwa kuwa rangi yake ni nyepesi na mistari ya msuko hulipa jicho kitu cha kutazama kando ya chombo kisicho na mapambo.

Ukitaka rangi, chukua khanga ya kisutu, ambayo tangu zamani huenda kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, uikunje kwa urefu na kuilaza katikati ya meza hali pindo likionekana. Weusi wa vijiko utapata wenzake hapo, na sahani nyeupe vilevile. Zaidi ya hapo usiongeze cheusi: bilauri za kioo kisicho na rangi, birika na bakuli la shaba la kunawia kama unalo, na upawa wa kifuu kwa mchuzi, ambao weusi wake wa asili unakaa vizuri na vijiko vyako.

Kuhusu mpangilio, sipendi mtindo wa kumwekea kila mtu visu na uma vya karamu ya hotelini ilhali chakula ni pilau na kachumbari. Kijiko kiwe kulia, uma kushoto, na kisu kiwepo tu iwapo kuna nyama ya kukatwa, makali yakielekea sahani. Kwa wanaokula kwa mkono, kijiko kiachwe mahali pake bila maneno. Unapopanga, shika kila kimoja kwa kitambaa kikavu, maana alama za vidole vyenye mafuta huonekana kwenye weusi usiong'aa.

Mkazi wa Kigamboni ameandika:

Hilo la kisutu limenifurahisha, kwani ninacho cha harusi yangu. Swali la mwisho: ninunue vya watu wanane tu, kisha niongeze baadaye vikipotea?

Fundi Chuma amejibu:

Ongeza sasa. Weusi wa PVD hutofautiana kati ya mzigo na mzigo, yaani vyombo vilivyovikwa pamoja kwa mara moja, hata kwa mtengenezaji yuleyule: mmoja huelekea kijivu, mwingine buluu au kahawia, na tofauti hiyo huioni kijiko kikiwa peke yake bali kikiwekwa kando ya mwenzake. Uma na visu vya watu wanane vinatosha, lakini vijiko vya mezani chukua angalau 12 kutoka mzigo huohuo, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyofanya kazi kila siku. Kabla ya kulipa, vitoe vyote kwenye boksi uvipange mlangoni penye mwanga wa jua, uvitazame kwa pamoja.